Nunua testa kabla ya drili

Chukua nyumba yoyote ya Kahama ambayo uniti za LUKU zimeisha asubuhi. Taa haziwaki, friji imenyamaza, na fundi kijana aliyeitwa kubadilisha nyaya anapanda ngazi akiamini umeme haupo. Dakika chache baadaye mwenye nyumba, aliyetoka kununua umeme kwa simu, anabonyeza tarakimu 20 kwenye mita. Wakati huo fundi ameshika waya.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. LUKU ikiisha, umeme haujazimwa, umesubirishwa tu. Hivyo hivyo mgao. Anayeanza kazi ya kusuka upya nyaya za nyumba na ajifunze hili kabla hajaingia duka la vifaa.

Kazi hiyo ipo, na inaongezeka. Shinyanga na Geita zina nyumba nyingi zilizofikiwa na miradi ya REA kwa ada ya shilingi 27,000. Zile ndogo zilianza na UMETA, kile kiboksi kilichokwisha kusukwa ndani, taa mbili tatu na soketi. Sasa mwenye nyumba amevuna pamba au amepata chochote machimboni. Ameongeza vyumba, anataka friji, pasi na pampu ya maji. Kuna pia nyumba za zamani za mjini ambazo nyaya zake zimeliwa na panya darini. Katika nyumba mpya unajua ulichoweka. Katika nyumba ya zamani unarithi siri za mafundi wengine.

Ndiyo maana nashangaa ninapoona vijana waliotoka VETA wakikimbilia drili. Nawaelewa: drili hupiga kelele, na bosi anayelipa husikia kazi ikifanyika. Lakini ukuta unaweza kutinduliwa kwa tindo na nyundo. Hakuna tindo itakayokuambia kama waya una moto.

Vifaa vya kuuliza

Testa ya bisibisi, yenye kitaa kidogo ndani, iko mfukoni mwa kila fundi. Ijue inavyofanya kazi. Mkondo mdogo sana hupita kwenye kitaa, kisha kwenye mwili wako, hadi ardhini. Ukiwa umesimama juu ya ngazi kavu ya mbao, umevaa viatu vya mpira, njia hiyo karibu inafungwa na kitaa huwaka kwa shida. Ukiwa barazani kwenye jua la Shinyanga, hata kikiwaka hutakiona. Testa hii inaweza kukuambia umeme upo. Ikinyamaza, usiiamini.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununua ni testa ya ncha mbili, inayopima kati ya waya na waya bila kukutumia wewe kama njia. Kanuni yake ina hatua tatu: ijaribu kwenye soketi unayojua ina umeme, pima waya unaotaka kuushika, kisha rudi uijaribu tena kwenye soketi ile ile. Hatua ya tatu ndiyo mafundi huiruka, nayo ndiyo inayokuhakikishia kuwa testa haikufa katikati ya kazi.

Cha pili ni maltimita, cha tatu ni kufuli dogo la kufungia swichi kuu. Kama ni fyuzi ya kuchomoa, ichomoe uitie mfukoni. Kumbuka pia kwamba waya unaotoka kwenye mita kuja swichi kuu bado una moto hata ukizima. Huo usiuguse, wala sili ya mita, ambayo ni ya TANESCO.

Usisome rangi kama msahafu. Katika mpangilio wa zamani wa Kiingereza, laini ni nyekundu na niutro ni nyeusi. Katika mpya, laini ni ya kahawia na niutro ni ya buluu. Lakini katika njia tatu za zamani, buluu ilikuwa laini. Nyumba iliyopitiwa na mafundi watatu inaweza kuwa na mipangilio yote miwili ndani ya boksi moja.

Vifaa vya mkono

Hapa sitakawia. Bisibisi ya bapa na ya nyota, plaizi, kikatio na kisu cha kumenyea waya, vyote viwe na alama ya 1000V kwenye mpini. Mpini uliozungushiwa tepu haujapata kinga yoyote. Ongeza futi kamba, pimamaji, msumeno wa chuma, springi ya kukunjia paipu na waya mgumu wa kuvutia nyaya. Ngazi iwe ya mbao au faibaglasi. Darini vaa tochi ya kichwani, ile ile wanayovaa wachimbaji wa Nyarugusu, mikono yote miwili ibaki huru.

Kifaa cha kuthibitisha

Ukimaliza kusuka, zima umeme, chomoa kila kitu na upime nyaya kwa mega. Hiyo husukuma volti 500 ili kuona kama kuna uvujaji. Ukinzani ukishuka chini ya megaomu 1, huenda kuna waya uliochubuliwa. Utafute kabla ukuta haujapigwa plasta.

Kisha ethi. Tuseme rodi yako ina ukinzani wa omu 20, kipimo ambacho wengi wangekifurahia. Laini ikigusa bodi la friji, volti 230 zitasukuma ampia 11.5 tu. Breka ya ampia 20 haitashtuka, na friji itabaki inasubiri mkono wa mtoto. Kinachookoa hapo ni RCD ya miliampia 30, ambayo hukata umeme unapovuja. Balbu ya wati 60 hutumia zaidi ya mara nane ya kiasi hicho.

Udongo wetu nao una tabia zake. Luseni, ule mchanga wa miinuko ya Usukumani, ukikauka hupitisha umeme kwa shida. Udongo mweusi wa mbuga hupitisha vizuri ukiwa na maji, lakini kiangazi hupasuka na kuiachia rodi. Ethi iliyopimwa Machi haijapimwa; irudie Septemba.

Mega na kipima ethi ni ghali kwa anayeanza. Fanya kazi chini ya mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, ambayo utaihitaji hata hivyo, utumie vya kwake. Drili nayo utaiazima. Testa ya ncha mbili iwe yako mwenyewe, na usimwazime mtu. Ikirudi, hutajua iliangushwa mara ngapi.