Fanya Mafuta ya Elfu Moja Yakufikishe Mbali Zaidi

Kila tarehe 14 ya mwezi, wenye magari Kenya hushika simu kuangalia EPRA imesema nini. Bei ikipanda, tunanung'unika. Ikishuka kidogo, tunashukuru. Lakini kuna upande mwingine wa hesabu hii ambao uko mikononi mwako kabisa: kila lita unayonunua inakupeleka kilomita ngapi?

Tuseme gari lako linakwenda kilomita 12 kwa lita moja, na kwa mwezi unaendesha kilomita 1,200. Hapo unachoma lita 100. Ukilifikisha kilomita 14 kwa lita, safari zile zile zitakula lita kama 86. Tukichukua lita moja kuwa shilingi 180, umebaki na zaidi ya shilingi 2,500. Na kama wewe ni dereva wa teksi unayepiga kilomita 4,500 kwa mwezi, tofauti ni karibu shilingi 9,600. Kwa watu wengi hiyo ni kodi ya nyumba, au karo ya mtoto.

Anza kwa kupima

Wengi wetu tunanunua mafuta kwa shilingi: "Weka ya 500." Ukinunua hivyo, ni vigumu kujua gari limekula kiasi gani. Kuna njia mbili za kupima.

Ya kwanza ni ya tangi. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, na usikubali mhudumu aongeze ya juu. Rudisha kipimo cha safari kwenye dashibodi hadi sufuri. Endesha kama kawaida. Ukirudi, jaza tena kwenye stesheni ile ile mpaka pampu ijikate, kisha gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Ukipata kilomita 420 kwa lita 35, gari lako linafanya 12.

Ya pili inamfaa yule anayenunua kidogo kidogo. Bei za juu za EPRA hutumika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Kwa hivyo, andika kilomita za gari asubuhi ya tarehe 15, na ulipie mafuta yote kwa simu, kwenye stesheni moja ukiweza. Mwezi ukiisha, fungua taarifa ya malipo yako, jumlisha pesa zote za mafuta, na ugawanye kwa bei ya lita uliyolipa pale. Hizo ndizo lita zako. Hakikisha tu mshale wa mafuta uko karibu pale pale ulipokuwa ulipoanza. Baada ya miezi miwili au mitatu utaona gari linaelekea wapi.

Mguu wako ndio pampu ya pili

Tabia inayomaliza mafuta kuliko zote ni kukanyaga kwa nguvu halafu kupiga breki ghafla. Mafuta uliyochoma kupata kasi ile yanageuka joto kwenye breki. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba uendeshaji wa fujo unaweza kupunguza umbali kwa kila lita kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara kuu, na asilimia 10 hadi 40 kwenye msongamano. Dawa yake haina gharama: acha nafasi mbele yako, angalia mbali, na ukiona taa ni nyekundu au kuna matuta, toa mguu mapema.

Kwenye barabara kuu, shida ni upepo. Ukitoka kilomita 90 kwa saa hadi 110, hewa inalizuia gari kwa nguvu iliyoongezeka kwa karibu nusu. Na unapata nini? Kwa safari ya Nairobi hadi Nakuru, kama kilomita 160, hata barabara ikiwa wazi njia nzima, utatangulia kwa dakika 20 hivi tu.

Kwenye jam, gari lililosimama likinguruma linafanya kilomita sufuri kwa lita. Injini ndogo inaweza kula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa ikiwa imesimama, na AC inaongeza. Ukijua hamtasogea kwa dakika kadhaa, zima. Ila usizime kamwe gari likiwa linatembea, maana usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza msaada wake.

Vile vile, injini za siku hizi hazihitaji kupashwa moto dakika 10 kila asubuhi. Washa, funga mkanda, ondoka polepole. Itapata joto barabarani.

Hii ya kutoa gia kwenye mteremko

Madereva wengi wanaamini kwamba ukiweka gari "fri" kwenye mteremko unaokoa mafuta. Kwa magari ya zamani ya kabureta kulikuwa na sababu ya kufikiri hivyo. Kwa gari la kisasa lenye nozeli zinazoongozwa na kompyuta, mambo ni kinyume. Likiwa ndani ya gia na umetoa mguu, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, na kompyuta hukata mafuta kabisa kwa muda huo. Ukitoa gia, injini inabidi ijiendeshe yenyewe, kwa hivyo inaendelea kunywa.

Mbaya zaidi, unabaki na breki peke yake. Zikipata moto kupita kiasi, hazishiki. Salgaa ilipata jina baya kwa sababu ya malori yaliyokuwa yakiteremka bila gia. Kwa hivyo Mai Mahiu au popote penye mteremko, baki ndani ya gia. Ni salama, na ni nafuu.

Marekebisho madogo yanayolipa

*Upepo wa tairi.* Tairi laini hulifanya gari kuwa zito kusukuma, na huisha haraka. Angalia kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Magari mengi yaliyotoka Japani huandikwa kwa kPa, ilhali mashine za stesheni nyingi husoma kwa psi. Gawanya kwa 6.9: ukiona 220, ni kama 32. Pima tairi zikiwa baridi, angalau mara moja kwa mwezi. Ukiwa na kipimo chako mwenyewe, hutategemea mashine ya stesheni iliyochoka.

*Keria na mizigo.* Keria au sanduku juu ya paa hushika upepo hata likiwa tupu. Kama hulitumii wiki hii, litoe. Na buti si stoo: kila kilo 45 hivi za ziada zinaweza kukugharimu kama asilimia 1 ya mafuta, hasa kwa gari dogo.

*Oili sahihi.* Kama kitabu cha gari kinasema 0W-20 au 5W-30, usikubali oili nzito kwa sababu fundi ameizoea. Oili nzito kuliko inavyotakiwa huifanya injini ijikaze.

*Taa ya injini.* Ile taa ya manjano kwenye dashibodi si pambo. Sensa ya oksijeni ikiharibika, kompyuta inaweza kumwaga mafuta mengi bila wewe kuhisi tofauti yoyote ukiendesha. Mwambie fundi apime kwa mashine kwanza kabla hajaanza kubadilisha vipuri kwa kukisia.

*Plagi, breki na alaimenti.* Plagi zilizochoka, breki inayoshika tairi na magurudumu yaliyopinda vyote vinakula mafuta. Baada ya safari, ukihisi rimu moja ina joto kuliko zingine, breki yake huenda inashika.

Wewe wa boda, angalia mambo matatu: upepo wa tairi, mnyororo usiolegea wala kukaza kupita kiasi, na choki irudishwe pikipiki ikishapata joto.

Usipotezee pesa hapa

Vidude vya kuchomeka kwenye gari vikiahidi kupunguza mafuta nusu, viache dukani. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima vifaa vya aina hiyo zaidi ya 100, na vingi havikuleta faida ya maana. Petroli ya bei ya juu nayo haitakuongezea umbali wa maana kama kitabu cha gari lako hakiihitaji. Na tairi kubwa kuliko za kiwandani ni uzuri wa macho tu: huongeza uzito, na hukudanganya kwenye kipimo cha kilomita.

Ukiwa kwenye pampu

Hakikisha pampu imeanza kwa sufuri. Taja lita au kiasi kwa sauti. Unapolipa kwa simu, soma jina la biashara na kiasi kabla ya kuweka PIN, na uweke PIN mwenyewe. Usimpe mhudumu simu yako hata mkiwa mmezoeana. Subiri ujumbe wa kuthibitisha, na usiufute, kwa sababu ndio rekodi yako ya mwezi.

Chagua mambo mawili tu kutoka hapa na uanze nayo tarehe 15 inayokuja. Mwezi ukiisha, linganisha. Kama umeokoa shilingi 2,000, zitume siku hiyo hiyo kwenye akiba yako ya simu, kabla hazijapata matumizi mengine.