Shule ya Starehe na Baraza Lake

Mtu atokaye katikati ya jiji la Nairobi kuelekea mitaa ya mashariki, akalipita soko la Kariokor na kuikaribia Pumwani, huikuta shule ya wavulana ya Starehe, ambayo kwa miaka mingi jina lake limekuwa likitajwa kila yatangazwapo matokeo ya mitihani ya taifa. Sifa za mitihani hiyo watu wengi wanazo vinywani. Asili ya shule, ambayo ndiyo iliyozizaa sifa zenyewe, wanaoijua ni wachache.

Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari mwezi wa Oktoba 1952, na ilipofika Aprili 1954 majeshi yakauzingira mji wa Nairobi, yakawakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwapeleka vizuizini. Watoto walioachwa bila baba wala mama walizagaa mabarabarani, wakilala kwenye vibaraza vya maduka na kula walichookota; na hali yao ndiyo iliyomtia simanzi Geoffrey Griffin, mzaliwa wa Eldoret wa mwaka 1933, ambaye alikuwa ameliacha jeshi la mkoloni kwa kutoridhika na aliyoyaona, akaingia kuwalea vijana waliotoka vizuizini katika kambi ya Wamumu. Mwaka 1959, yeye pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu wakafungua kituo cha kuwaokoa watoto hao, na majengo yao yote yalikuwa vibanda viwili vya mabati walivyopewa kwa hisani ya kampuni ya mafuta.

Kituo hicho kikawa shule ya msingi, kikaongezewa sekondari baada ya Uhuru, na baadaye chuo cha ufundi, kwa misaada ya wafadhili wa ndani na wa ng'ambo, miongoni mwao shirika la Save the Children. Hata kilipokwisha kuwa mashuhuri, hata matajiri nao wakawa wanakitamani kwa watoto wao, hakikuisahau ahadi ya kwanza: wanafunzi walio wengi ni watoto wa mafukara na mayatima wasomao bila kulipa ada, na wachache wenye uwezo hulipa kwa kadiri ya uwezo wa wazazi wao. Aliyelipa na asiyelipa huvaa sare moja, hula chungu kimoja na kulala bweni moja. Na kwa maoni yangu hapo ndipo sadaka ilipovuliwa ile aibu inayomfanya mpokeaji ainamishe uso.

Walakini jambo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni namna shule hiyo inavyojitawala. Wanafunzi wamegawanywa katika nyumba, kila nyumba ina viongozi wake waliotoka miongoni mwa wavulana wenyewe, na kufagia, kuosha na kupanga ni wajibu wao, si wa watumishi. Juu ya hayo yote liko baraza, mkutano ambamo mvulana yeyote, hata yule mdogo aliyeingia shuleni juzi, aweza kusimama mbele ya wenzake wote na kumwuliza Mkurugenzi habari ya chakula, ya adhabu aliyoiona si ya haki, au ya kiongozi aliyejivuna mno. Sharti ni moja tu, aseme kwa adabu, naye ana haki ya kujibiwa papo hapo mbele ya kadamnasi. Shule nyingi zetu zimeungua mabweni kwa sababu manung'uniko yalifichwa hata yakawa hasira, na walimu wakuu wanaotafuta dawa katika kuta ndefu na walinzi wengi ingewafaa kulichungua baraza hilo.

Hali kadhalika, wavulana hufundishwa kulipa fadhila kwa kazi: wakati wa likizo hujitolea kutumika katika hospitali, ofisi na mashule pasipo ujira.

Griffin, ambaye kwa miaka mingi aliliongoza pia Jeshi la Vijana wa Taifa, alibaki kuwa Mkurugenzi wa Starehe hadi alipofariki mwezi wa Juni 2005. Mwaka huo huo ndipo shule ya wasichana ya Starehe ilipofunguliwa, kwa madhumuni yale yale ya kuwasomesha mabinti werevu wa nyumba za kimaskini. Miaka arobaini na sita ni mingi mno kumsubirisha binti yatima, kwani barabara za Nairobi hazikuwahi kumhurumia yeye zaidi ya kaka yake.