Mahojiano ya kazi za afya: Jopo litataka kusikia ulichotenda

Barua ya kuitwa kwa mahojiano ikifika, wengi wanaotafuta kazi za uuguzi, utabibu au maabara hukimbilia madaftari ya chuo. Si vibaya. Lakini leseni yako tayari imeonyesha kwamba ulisoma. Sehemu inayowaangusha hata wenye alama nzuri ni maswali ya maadili.

Maswali haya yana msingi katika sheria. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinataja maadili ya kitaifa, yakiwemo utu, usawa, uadilifu, uwazi na uwajibikaji. Kifungu cha 232 kinaongeza yale ya utumishi wa umma, kama vile kuhudumia watu kwa haraka na bila mapendeleo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaipa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti jukumu la kuyakuza. Kuyakariri ni kazi ya jioni moja. Shida ni kwamba mwanajopo huenda asiulize orodha hiyo. Atauliza: “Tueleze siku ambayo mgonjwa alikufokea. Ulifanya nini?”

Anayejibu, “Mimi ni mvumilivu na ninawaheshimu wagonjwa wote,” amejisifu, hajajibu.

Tuseme ulikuwa kwenye mafunzo ya nyanjani. Mzee amengoja tangu saa kumi na mbili asubuhi. Kufikia saa tano hajaonwa, naye anakuja dirishani akifoka. Ulimketisha kando ukamuuliza amekula lini. Ukagundua ana kisukari na alikuja bila kula kwa ajili ya kipimo cha damu. Ulimwarifu muuguzi msimamizi, mzee akapimwa kwanza, nawe ukarudi kuwaeleza waliobaki kwenye foleni kwamba kuna mgonjwa aliyehitaji kuonwa upesi. Jibu kama hilo halina neno “utu” hata mara moja, lakini jopo limeuona.

Kwa hiyo, kabla ya siku yenyewe, andika matukio matano au sita ya kweli: yaliyotokea, ulichofanya wewe, na matokeo yake. Sema “nilifanya”, si “tulifanya”, pale kazi ilipokuwa yako. Kama hujawahi kuajiriwa, tumia mafunzo, kazi ya kujitolea, hata kuhesabu pesa za chama. Kisha yasimulie kwa sauti mbele ya mtu asiye wa taaluma ya afya. Akikuuliza “halafu?”, ujue umeacha kitu. Na usibuni kisa: maswali mawili ya ziada yanatosha kukibomoa.

Tahadhari moja. Unaposimulia, usimtaje mgonjwa kwa jina, kijiji au jambo lingine la kumtambulisha. Ukifanya hivyo, umekwisha kujibu swali la kutunza siri kabla hujaulizwa.

Swali linalotisha zaidi ni la kosa ulilowahi kufanya. “Sijawahi kukosea” ndilo jibu baya kuliko yote, kwa sababu anayeficha kosa la dawa wadini anaweza kuua mtu. Chagua kosa la kweli, eleza uliliripoti kwa nani, mgonjwa alisaidiwaje, na ulibadilisha nini baadaye.

Jitayarishe pia kwa swali la majeruhi aliyefikishwa usiku bila hata shilingi. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Anza na mgonjwa. Habari ya malipo itafuata.

Kuhusu stakabadhi, soma tangazo la kazi na ubebe zilizotajwa, pamoja na leseni ambayo muda wake haujaisha.

Anayekuitisha “kitu kidogo” ili jina lako lipite ni mhalifu, na chini ya Sheria ya Hongo ya 2016 anayetoa pia anatenda kosa. Piga ripoti kwa Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi. Itakuwa ajabu kununua nafasi ya kwenda kuulizwa kuhusu uadilifu.

Ikiwa una ulemavu na unahitaji mkalimani wa lugha ya ishara au chumba kisicho na ngazi, ijulishe Bodi mara upatapo barua, usingoje asubuhi ya mahojiano.