Kampuni haifungwi jela, basi faini yake iwe na uzito

Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Zambia au Kongo hupimwa katika mizani ya Mpemba, nje kidogo ya mji wa Tunduma. Anayeshuka na kuulizwa maswali ni dereva. Aliyeamua tani ngapi zipakiwe, na aliyepata faida ya tani zilizozidi, yuko ofisini mbali na vumbi la mpakani. Na kuzidisha uzito si kosa dogo: kwa kanuni waliyoipata wahandisi katika majaribio ya barabara huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, ekseli iliyozidi uzito kwa asilimia 20 huichosha barabara takriban mara mbili. Gharama ya uchakavu huo huilipa mkulima wa kahawa wa Mbozi na muuza mahindi wa Momba, ambao hawakupakia chochote. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, yenye ukomo wa tani 56, angalau inaelewa jambo hili, kwa kuwa malipo yake hupanda kadiri uzito unavyozidi. Sheria zetu nyingi za jinai bado hazijafika hapo. Zimetungwa kana kwamba kila mkosaji ni binadamu mmoja mwenye mshahara wake na hofu yake ya kufungwa.

Tuitazame, kwa mfano, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Kifungu chake cha 15 kiliweka faini isiyopungua shilingi 500,000 na isiyozidi milioni moja, au kifungo cha miaka mitatu hadi mitano, au vyote viwili. Kwa karani wa forodha, miaka mitano ni maisha kuharibika. Kampuni nayo ni mtu mbele ya sheria, inashtakiwa na kutiwa hatiani, lakini hakuna selo inayoweza kuipokea. Ukiondoa kifungo, kinachobaki ni shilingi milioni moja, fedha ambayo kampuni yenye malori hamsini inaitumia kwa mafuta ya safari moja na isifike mbali. Adhabu kali imembakia mnyonge, na tajiri ameachiwa ile nyepesi. Siamini kwamba Bunge lilikusudia hivyo, lakini ndivyo maandishi yanavyofanya kazi.

Linganisha na yaliyotokea London mwaka 2015. Standard Bank ilifikia makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama kwa kushindwa kuzuia rushwa katika mkopo wa dola milioni 600 uliotafutwa kwa ajili ya Serikali yetu wenyewe. Benki hiyo na benki dada yake ya hapa nchini zilipata ujira wa dola milioni 8.4. Ujira huo ukazidishwa mara tatu, kisha ukapunguzwa theluthi moja kwa ushirikiano ulioonyeshwa, na faini ikawa dola milioni 16.8. Ujira wenyewe ukarudishwa, na Tanzania ikalipwa zaidi ya dola milioni 7. Hesabu ilianzia kwenye faida ya mkosaji, na hilo ndilo ninalolitetea. Marekani pia inaruhusu faini ifike mara mbili ya faida iliyopatikana au hasara iliyosababishwa. Wala si mambo mageni kwetu: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inatoza asilimia 5 hadi 10 ya mauzo ya mwaka, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatofautisha wazi mtu binafsi, mwisho wake milioni 20, na kampuni, mwisho wake bilioni 5. Tumeshajua namna ya kuandika. Tumeandika katika sheria chache tu.

Wapo watakaosema faini kubwa itaua wasafirishaji wadogo na vyama vya ushirika. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo sababu sipendekezi kiwango kimoja kikubwa kwa wote. Mwenye lori moja la mkopo atozwe kwa faida yake, si kwa faida ya mwenye mia. Wengine wanasema mizigo itahamia bandari za Beira au Durban. Lakini anayeumia zaidi leo ni msafirishaji mwaminifu, anayepakia kwa kipimo halafu anashindwa bei na jirani yake anayevunja sheria. Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba faini ikikua, kishawishi cha kuhonga nacho kinakua. Ni kweli. Kwa hiyo makosa makubwa ya kampuni yasiishie kwenye kufifilishwa, yaani kumalizwa kwa malipo bila mahakama, mezani mwa ofisa mmoja. Yaende mahakamani, hesabu za kampuni ziwekwe wazi, na wakurugenzi waliojua nao washtakiwe.

Mkoa wa Songwe, ulipo mji huo wa Tunduma, hauna muda mrefu wa kusubiri. Makaa ya mawe yapo Kabulo, wilayani Ileje, madini adimu yapo Ngualla, wilayani Songwe, na kampuni za migodi zina wanasheria wanaosoma kila kifungu kabla ya kuwasha mtambo. Zikifanya kosa la rushwa chini ya kile kifungu cha 15, hakimu wa Vwawa anaweza kusikiliza mashahidi mwezi mzima, akaridhika na ushahidi, akaandika hukumu ya kurasa sitini, kisha kalamu yake ikasimama kwenye shilingi milioni moja.