Je, Wajua? Filamu ya Wafu Isiyozeeka

Je, wajua kwamba Night of the Living Dead, filamu ya George A. Romero ya mwaka 1968, ilikosa hakimiliki nchini Marekani? Jina lake lilipobadilishwa, tangazo la hakimiliki liliachwa nje, na yeyote akawa huru kuinakili. Wapo wanaosema hiyo ndiyo siri ya umaarufu wake. Lakini filamu nyingi zisizo na hakimiliki zimesahaulika. Hii inadumu kwa sababu inatuonyesha udhaifu wetu: watu waliojificha ndani ya nyumba wakiwakimbia wafu waliofufuka wanagombana badala ya kushirikiana, na Ben, shujaa Mweusi aliyeigizwa na Duane Jones, anawashinda wafu usiku kucha, kisha asubuhi anapigwa risasi na wasakaji waliomdhania mfu. Hofu ya namna hiyo haichakai.