Njia kwanza, ramani baadaye

Pembezoni mwa mji wa Bukoba, na Muleba mjini vilevile, kibanja hukatwa vipande kila mrithi apate chake, na njia haikumbukwi na mtu.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliweka utaratibu wa kurasimisha makazi ya namna hii, nayo inataka wakazi waelezwe na wasikilizwe kwanza. Ugumu ni ile njia ya mita mbili tatu: nani atakata migomba yake, na kaburi la babu litapitwa upande gani? Kwa Wahaya kibanja ni shamba, nyumba na makaburi kwa pamoja. Afisa anayeanza na vigingi kabla ya kikao cha mtaa anatafuta ugomvi.

Anayetoa kipande asibebe hasara peke yake. Jirani wa nyuma ndiye anayefaidi, maana pikapu itafika kuchukua ndizi na kahawa yake. Basi achangie, na makubaliano yaandikwe kwenye muhtasari kabla mpima hajaitwa.

Mto Kanoni nao usisahauliwe. Umekwisha kuingia majumbani, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 za ukingo ziachwe. Waliokwisha kujenga humo wana hoja yao, na mahali pa kuitoa ni kikao hicho hicho.