Somo la Kiingereza: Mchukuzi na Mzigo Wake

Shikeni kalamu.

Katika Kiswahili, kutokana na neno chukua tumepata mchukuzi na uchukuzi. Kiingereza nacho kina desturi hiyo. Warumi wa kale walisema «portare», yaani kuchukua mzigo. Hapo ndipo lilipotoka «porter», ndiye mchukuzi, na «transport», ndio uchukuzi. «Trans» ni kuvuka upande wa pili.

«Im» ni ndani: «import», kuingiza bidhaa nchini. «Ex» ni nje: «export», kuzipeleka nje. Mfanyabiashara akichanganya hayo mawili katika karatasi za forodha, mzigo wake huenda ukakwama bandarini.

«De» ni kuondoa: «deport», kumtoa mtu nchini. Barua yenye neno hilo usiitie mfukoni; mtafute wakili siku hiyo hiyo.

Lakini angalieni! «Port» peke yake ni bandari, nalo lina asili nyingine, «portus». Kwa hiyo «airport» si mchukuzi wa hewa.

Kazi ya nyumbani: «report». «Re» ni kurudi. Je, mwenye kutoa «report» amechukua nini, na anamrudishia nani?